Laptopu ya Maalim na Sloti Iliyokuwa Tupu

Kisa hiki kilinijia mara mbili katika mwaka 2023: mara ya kwanza mwezi Juni kikiwa kazi ya kawaida, na mara ya pili mwezi Agosti kikiwa tatizo ambalo chanzo chake kilikuwa mikono yangu mwenyewe. Laptopu ni ThinkPad X230, modeli iliyotoka mwaka 2012, na mwenyewe ni mwalimu wa madrasa hapa Lamu, mtu wa makamo ambaye mtaa wetu wa Langoni humwita Maalim. Kazi niliyoombwa ilikuwa ni kuongeza SSD ndogo, yaani diski isiyo na kinachozunguka ndani yake, katika sloti ya ndani iliyokuwa haina kitu, bila ya kuiondoa diski ya zamani. Sloti ilipokea kadi, laptopu ikawa na kasi, mwenyewe akaniombea dua. Na wiki saba baadaye, diski ya zamani ilipougua, laptopu ikakataa kuwaka ingawa SSD mpya ilikuwa nzima kabisa. Nakieleza kisa kwa urefu kwa sababu kosa lililokizaa hufanywa na mafundi wengi, na siku linapofanywa halionekani.

Maalim ana sanduku la kaseti alizoachiwa na marehemu babake: kasida za Maulidi, darsa za mwezi wa Ramadhani, na tenzi zilizoghaniwa barazani na watu ambao wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Ni kaseti 120 hivi, na amekuwa akizihamisha moja moja kwenye kompyuta. Deki ya kaseti huunganishwa na laptopu kwa kifaa kidogo cha sauti cha USB, naye hukaa hapo mpaka upande uishe, kwa kuwa kaseti haikimbizwi. Ya dakika 90 inataka dakika 90 za mtu. Hurekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, chaneli mbili, na hesabu yake ni baiti 288,000 kila sekunde, yaani zaidi kidogo ya GB 1 kwa saa. Kaseti moja ya dakika 90 hula takriban GB 1.5, na 120 za namna hiyo hufikia karibu GB 187. Ukiongeza nakala ya pili ya kila moja, ile iliyopunguzwa mvumo wa utepe, unakaribia GB 375. Diski iliyokuwamo ilikuwa ya GB 500, kwa hiyo nafasi ilimtosha. Kilichomtesa ni ukawiaji. Alikuwa akibonyeza kitufe cha kuwashia, akaenda kutawadha, akarudi, na kile kiduara cha Windows bado kinazunguka.

Nilipoifungua mbele yake nilianza na kumbukumbu, kwa sababu watu wengi huagiza SSD ilhali wanachohitaji ni RAM. RAM ilikuwa GB 8, na kwa kazi yake hiyo inatosha. Dirisha la shughuli za Windows ndilo lililosema ukweli: prosesa ikitumika kwa sehemu ndogo, kumbukumbu ikiwa nusu, na diski ikiwa kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa baada ya kuwaka. Ilikuwa diski ya sumaku inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Kwa mwendo huo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11, na kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri nusu ya mzunguko kabla ya kipande kinachotakiwa kupita chini yake, achilia mbali muda wa kichwa chenyewe kusogea. Faili moja kubwa la sauti halisumbuliwi na jambo hilo, maana likishaanza kusomwa linasomwa mfululizo. Lakini Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kipande kina kungoja kwake. SSD haina kinachozunguka wala kinachosogea, na kungoja kwake ni kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Hapo ndipo faida yake ilipo, na ndiyo maana nilimshauri Maalim asinunue SSD kubwa. Sauti zibaki katika diski ya zamani yenye nafasi, mfumo na programu vihamie katika SSD ndogo ya GB 128, na kila kitu kikae mahali kinapofaa. Ushauri huo nausimamia hata leo. Kilichoharibika ni namna nilivyoutekeleza.

Sasa nije kwenye sloti. X230 ina sloti mbili za aina ya Mini PCIe. Moja ni fupi na hukaliwa na kadi ya Wi-Fi. Ya pili ni ya urefu kamili, iliwekwa kwa ajili ya modemu ya laini ya simu, na laptopu nyingi za modeli hii zilizofika kwetu zikiwa zimeshatumika nje zina sloti hiyo tupu. Waliounda ubao wake waliipitishia pia nyaya za SATA, njia ambayo diski huwasiliana nayo na ubao, na kwa sababu hiyo inaweza kupokea SSD ya aina ya mSATA, ambayo ni kadi ya upana wa milimita 30 na urefu wa milimita 51. Mini PCIe na mSATA zina umbo moja na pini 52 zilezile, ila ishara zinazopita ndani ya pini hizo si moja. Kwa hiyo kadi kuingia katika sloti si ushahidi wa chochote. Nimeshaletewa laptopu za modeli nyingine ambazo kadi ilikaa vizuri, skrubu zikakaza, na BIOS, ile programu ya ubaoni inayoiwasha laptopu, haikuona kitu, kwa sababu sloti ile haikuunganishwa na SATA hata kidogo. Hakuna njia ya kulijua jambo hili kwa macho. Lazima usome kitabu cha matengenezo cha modeli yenyewe kabla hujatoa pesa.

Maalim alikuwa ameshatoa pesa. Mpwa wake aliyeko Mombasa alimnunulia kadi aliyoambiwa dukani kwamba ni SSD ndogo ya laptopu, akaipakia kwenye basi mpaka Mokowe, na kutoka hapo ikavuka kwa boti. Ilikuwa M.2 ya upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Hiyo ni aina iliyokuja baada ya mSATA, pini zake ni nyingine na kishimo chake ni kingine, na katika X230 haina mahali. Laptopu za ThinkPad za miaka iliyofuata, kama T440 na X240, ndizo zilizobadilisha sloti ile ya modemu ikawa ya M.2, tena ya kadi fupi za milimita 42 tu, zinazotumia SATA. Na ukifika kwenye T480, sloti hiyohiyo hutaka kadi fupi ya NVMe, ambayo ni njia nyingine ya mawasiliano, na haiitambui ya SATA. Ninalitaja jambo hili kwa sababu neno "ndogo" halitoshi katika kuagiza. Mtu aandike aina, urefu na njia ya mawasiliano, na amsomee muuzaji herufi kwa herufi. Kadi ile ilirudi Mombasa kwa njia iliyojia, na kwa sababu ulikuwa msimu wa kusi na bahari imechafuka, mSATA yenyewe ilitufikia baada ya siku tisa.

Kuna fundi mwenzangu aliyenikataza, kwa hoja kwamba sloti hiyo hupitisha SATA ya kizazi cha pili, ya gigabiti 3 kwa sekunde, ilhali nafasi kuu ya diski katika X230 ni ya kizazi cha tatu, gigabiti 6. Alisema kweli. Kwa hesabu, SSD katika sloti ile haiwezi kuvuka MB 300 kwa sekunde, na kwa vitendo hukaa chini ya hapo. Lakini Maalim hahamishi mafaili ya GB 50 kila saa. Anachotaka ni mfumo uwake na programu ya kurekodi ifunguke, na hayo yanategemea muda wa kungoja kuliko upana wa njia. Sikuona sababu ya kumgharimisha zaidi.

Kazi ya kuipachika ilichukua chini ya saa moja, na muda mwingi katika huo ulikwenda kwenye kusafisha. Nilitoa betri, nikachomoa chaja, nikashikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani umalizike. Nikafungua skrubu za chini, nikaisukuma kibodi upande wa skrini hadi ikaachia, nikaiinua taratibu kwa sababu utepe wake mwembamba ungali umeshika ubao. Sloti ikaonekana. Chini ya taa, na kwa kioo cha kukuzia, pini za upande mmoja zilikuwa za dhahabu safi, na za upande wa pili, ule ulioelekea kwenye tundu la hewa, zilikuwa na ukungu wa kijani kibichi kama ule unaoota kwenye senti ya zamani. Ni chumvi ya bahari. Nyumba ya Maalim ina madirisha yanayotazama maji, na feni ya laptopu huvuta hewa hiyo mwaka mzima. Kupachika kadi mpya juu ya ukungu ule ni kujitafutia hitilafu ya kuja na kuondoka, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Nilitumia brashi laini na spiriti safi ya isopropili, mara tatu, nikaacha pakauke, ndipo nikaiingiza kadi kwa mshazari, nikailaza, nikaikaza kwa skrubu zake mbili.

Mtu anaweza kuuliza kuhusu ile orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa ndani ya BIOS ya laptopu hizi, ambayo hukataa kadi ngeni na kuonyesha kosa namba 1802. Orodha hiyo inahusu kadi za mawasiliano, za Wi-Fi na za modemu. SSD haiguswi nayo. Nilipowasha na kubonyeza F1, BIOS ilionyesha diski mbili, ya zamani na mpya, na nikawa na hakika kwamba sehemu ngumu imekwisha.

Nieleze sasa nilichofanya baadaye, kwa usahihi, kwa kuwa kosa liko hapa. Niliingiza flashi yenye Windows 10, nikaanza usakinishaji huku diski ya zamani ikiwa ndani. Programu iliponiuliza niiweke wapi nikachagua SSD, ikanakili mafaili, ikajizima na kujiwasha, na kila kitu kikaenda kwa kasi ya kufurahisha. Mara ya kwanza kuwaka ilinionyesha orodha ya Windows mbili, ya zamani na mpya. Nikaifuta ya zamani katika orodha. Nikahakikisha sauti zote za Maalim zipo mahali pake kwenye diski ya GB 500, kisha nikafuta folda ya Windows ya zamani iliyokuwa humo ili apate nafasi. Mwanzoni mwa diski hiyo kulikuwa na kisehemu cha MB 100. Nilikiona. Nilidhani ni masalio ya Windows 7 ambayo laptopu ilikuja nayo, nikajaribu kukifuta pia, na Windows haikunipa ruhusa: chaguo la kufuta lilikuwa limefifia, halibonyezeki. Nikakiacha, nikisema moyoni kwamba MB 100 si kitu. Laiti ningesimama hapo dakika moja nikajiuliza kwa nini mfumo unakilinda kisehemu ambacho mimi nakiona hakina kazi.

Maalim alichukua laptopu yake siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri. Iliwaka mbele yake kabla hajamaliza kuvuta kiti.

Alirudi katikati ya Agosti, laptopu imefungwa ndani ya kikoi, na alichosema kilikuwa hiki: "Fundi, ile kadi uliyonitilia imekufa. Naiwasha, hainipi ila maandishi meupe na weusi." Nilimwomba radhi kwa usumbufu, nikamwambia, "Niachie, Maalim, na usiiwashe tena mpaka nikuite." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo pekee katika kisa hiki ninayofurahi kuwa niliisema upesi, kwa sababu nilipoisogeza laptopu sikioni nilisikia mlio mdogo wa tak, kimya, tak, kimya, kila baada ya sekunde mbili tatu. SSD haina sauti. Kilichokuwa kikilia ni diski ya zamani, yenye kazi ya miezi mingi ndani yake, na kila kuwashwa kungeiongezea ugonjwa.

Katika X230 diski kuu hutoka kwa skrubu moja tu na kifuniko kidogo cha ubavuni. Humaliza dakika moja. Niliitoa nikaiweka kando juu ya kitambaa, kisha nikawasha laptopu ikiwa na SSD peke yake. Matarajio yangu yalikuwa kwamba Windows ingewaka, maana ndiyo iliyokuwa makao yake. Haikuwaka. BIOS iliiona SSD kwa jina na ukubwa wake, ikaigusa, ikaiacha, ikanirudisha kwenye orodha ya kuchagua kifaa cha kuwashia. Nilipowasha kwa flashi ya Linux, mfumo mwingine usio Windows, na kuichungulia SSD, nilikuta folda ya Windows nzima, programu zote, hata mipangilio ya kinasa sauti ya Maalim. Ripoti yake ya afya haikuwa na doa. Nyumba ilikuwa imesimama, ila ufunguo wake ulikuwa umeachwa katika nyumba ya zamani.

Laptopu inapowashwa kwa mtindo wa zamani wa BIOS, Windows haianzi yenyewe. BIOS husoma sekta ya kwanza kabisa, yaani kipande kidogo cha mwanzo, ya diski iliyo mbele katika orodha. Sekta hiyo hutafuta sehemu ya diski iliyotiwa alama ya kuwa hai. Ndani ya sehemu hiyo mna programu iitwayo bootmgr pamoja na daftari dogo liitwalo BCD. Na daftari hilo ndilo linalosema kwamba Windows iko katika diski fulani, folda fulani. Programu ya kusakinisha Windows inapokuta kwamba kompyuta tayari ina sehemu ya aina hiyo katika diski ya kwanza, haitengenezi nyingine. Huandika jina la Windows mpya katika daftari la zamani na kuendelea. Kwa mtazamo wake imefanya jambo la busara, kwani imehifadhi uwezo wa kuwasha mifumo yote miwili. Kile kisehemu cha MB 100 nilichokidharau ndicho kilichokuwa na bootmgr na daftari. Kwa wiki saba SSD ilikuwa ikiwashwa kwa idhini ya diski ya zamani kila asubuhi, na diski ilipoanza kupoteza sekta zake za mwanzo, idhini hiyo ikakatika.

Majina yanayotumiwa na Windows yenyewe hayamsaidii mtu. Ukifungua kifaa chake cha kusimamia diski, sehemu yenye mafaili ya kuwashia huandikwa System, na sehemu yenye folda ya Windows huandikwa Boot, kinyume na vile ambavyo akili ya mtu yeyote ingetarajia. Laptopu ya Maalim ingenionyesha mwezi Juni neno System juu ya diski ya zamani na neno Boot juu ya SSD, yote mawili katika dirisha moja, lau ningelitazama kwa nia ya kusoma. Tangu hapo dirisha hilo nalisoma kabla ya kumrudishia mtu mashine yake: maneno yote mawili lazima yawe juu ya diski moja.

Sikuanza kwa kurekebisha kuwaka. Mfumo unaweza kusakinishwa upya hata mara kumi, lakini diski inayogonga haina hakika ya kuiona kesho. Niliiunganisha na kompyuta ya dukani kwa adapta ya USB, chini ya Linux, bila ya kuifungua kama diski ya kawaida, nikatumia programu ya GNU ddrescue kunakili kila sekta kwenda kwenye diski ya nje ya TB 1. Ubora wa programu hii ni kwamba haing'ang'anii pabaya. Mpito wa kwanza huchukua yote yanayosomeka kwa urahisi na kuruka yanayokataa, huku ikiandika katika faili la ramani ni wapi imeruka. Ndipo hurudi baadaye kwenye mapengo hayo na kuyajaribu kidogo kidogo. Hata umeme ukikatika katikati, ramani huiwezesha kuendelea ilipokomea, na usiku ule ulikatika mara moja. Mpito wa kwanza ulimalizika alfajiri. Sekta nyingi zilizokataa zilikuwa mwanzoni mwa diski, katika kile kisehemu cha MB 100 na jirani zake. Miongoni mwa sauti za Maalim, mafaili matatu yalikuwa na mapengo, na kaseti zake zote tatu zilikuwa bado sandukuni.

Nilimpelekea habari hiyo nyumbani kwake, nikamkuta amekaa dakani. Nilimweleza kwamba kadi haikufa, kwamba iliyokufa ni diski ya zamani, na kwamba kukataa kuwaka kulitokana na kazi yangu ya mwezi Juni, kwa hiyo matengenezo hayo hayana malipo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: "Sauti ya mzee ipo?" Nilipomjibu kwamba ipo, akaingia ndani akarudi na kahawa.

Kurekebisha SSD kulikuwa kazi fupi. Niliwasha kwa flashi ya Windows, nikabonyeza Shift na F10 kupata dirisha la amri, nikatumia diskpart kuitia alama ya kuwa hai sehemu yenye Windows ndani ya SSD, kisha bcdboot kuandika bootmgr na daftari jipya katika SSD hiyohiyo, kwa mtindo wa BIOS. Nikamalizia kwa bootrec ili sekta ya kwanza nayo iwe sahihi. Anayefanya kazi hii ajihadhari na herufi za diski, kwa sababu ndani ya flashi ya usakinishaji C si lazima iwe C unayoijua. Kwanza aorodheshe, atazame ukubwa, ndipo aandike. Nafasi ya diski kuu ilikuwa wazi muda wote huo. Windows iliwaka, nikaizima, nikaiwasha tena, nikachomoa umeme na betri, nikarudisha, nikaiwasha mara ya tatu.

Kuna wanaosema kwamba kosa lisingetokea kama ningenakili diski ya zamani nzima kwenda kwenye mpya badala ya kusakinisha upya. Si hivyo hasa. Nakala kamili ingechukua pia sehemu ya kuwashia, lakini diski ya GB 500 iliyojaa sauti haiingii katika GB 128, na anayenakili folda ya Windows peke yake huishia palepale nilipoishia mimi. Wengine hudhani kwamba UEFI, mtindo mpya wa kuwasha kompyuta uliochukua nafasi ya ule wa BIOS, umeliondoa tatizo. Umelibadilisha sura tu, kwani badala ya sehemu hai kuna sehemu ndogo ya EFI, na msakinishaji akiikuta katika diski nyingine huitumia hiyohiyo. Dawa ni ya mkono na bisibisi: diski ya zamani itolewe kabla ya usakinishaji kuanza, irudishwe baada ya SSD kuwaka peke yake, kisha katika BIOS SSD iwekwe mbele ya diski katika orodha. Mwezi Juni nilikuwa na skrubu moja ya kufungua, na sikuifungua.

Badala ya diski iliyokufa, Maalim alinunua ya TB 1, nyembamba ya milimita 7, kwa kuwa nafasi ya X230 haipokei iliyo nene kuliko hapo. Ile ya nje tuliyookolea sauti niliiacha kwake iwe nakala ya pili, naye huiweka ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, mbali na dirisha. Nilimshauri nakala ya tatu iende Mombasa kwa mpwa wake, na kila baada ya miezi michache flashi moja huvuka maji kwenda huko.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na prosesa ya X230 haimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Maalim hakutaka kuiacha laptopu inayofanya kazi, nami sikuona sababu ya kumwambia aiache, kwa kuwa programu ya kurekodi anayoitumia ipo katika Linux vilevile. Tuliketi dukani mwezi uliofuata. Kabla ya kuingiza flashi niligeuza laptopu ubavu, nikafungua ile skrubu moja, nikavuta diski ya TB 1 na kuiweka juu ya kitambaa mbele yake, akaitazama bila kuuliza. Linux Mint iliingia katika SSD, ikawaka, ikazimwa, ikawaka tena, na tena. Ndipo nikairudisha diski mahali pake, nikafungua folda ya sauti, na Maalim akachagua mwenyewe faili la kujaribia.